Moshi Unaoshuka

Moshi ulikuwa unashuka.

Hicho ndicho kitu cha kwanza alichokiona Shamim. Hakuona kwanza namba ya gari wala dereva. Aliona moshi. Ulichungulia mweupe kwenye mlango wa nyuma wa lori la samaki, ukateremka kwenye bampa, ukatambaa chini kama maziwa yaliyomwagika.

Moshi wa moto hupanda.

Huu ulikuwa moshi wa barafu kavu. Na mjini Arua kote hakuna mchuuzi anayeweka samaki kwenye barafu kavu.

Alikuwa amesimama kwenye ua wa Mradi wa Vizazi Vitatu, huko Ediofe, ndoo ya maji moto ya Omo mkono mmoja, kitambaa cha kupigia deki mkono wa pili. Saa nne asubuhi. Kwa mradi alikuwa mfagiaji, mwezi wa tatu sasa. Kwa idara ya ujasusi jina lake lilikuwa Fagio.

Alichomoa simu kifuani. Itel ndogo ya vitufe.

"Fagio kwa Mlima."

"Sema, Fagio."

Mlima alikuwa Kamanda Adriko. Alikuwa kusini mwa mji na Land Cruiser mbili, akiivizia ambulansi ya mradi. Taarifa zote zilisema mzigo wa wizi utatoka kwa ambulansi.

"Afande, ngoja kidogo. Nahakikisha kitu."

Dereva Swadiki alikuwa mbele, kichwa ndani ya injini. Shamim alipanda nyuma na ndoo yake. Nani humuuliza mfagiaji anakopeleka ndoo?

Ndani hakukuwa na samaki hata mmoja. Yalikuwa maboksi meupe, yamepangwa hadi karibu na dari, kila moja na karatasi ya mradi. Vipande vya barafu kavu vilitandazwa sakafuni katikati yake.

Damu.

Miaka kumi na tano ya damu. Mtoto, mzazi na bibi kutoka nyumba moja, mirija mitatu imefungwa kwa mpira mmoja, mwaka baada ya mwaka. Madaktari walikuwa wanautafuta uvimbe wa ndani: ule moto mdogo ambao mwili huwasha kupigana na homa au jino bovu. Kwa watu wengi huzimika. Kwa wengine hubaki unawaka chini chini, na walitaka kujua unaufanya nini ubongo, tangu utotoni mpaka uzeeni. Ulikuwa umebaki mwezi mmoja wapate jibu.

Mzigo ukivuka mpaka, mnunuzi wa ng'ambo angelisajili jibu hilo kwa jina lake, liwe mali yake. Mzigo ukiyeyuka, jibu halipo tena. Damu ya mtoto aliyekuwa na miaka mitano haichukuliwi mara ya pili akishafika ishirini.

"Mlima, si ambulansi. Ni lo—"

Mlango ulifungwa.

Giza.

Komeo likalia nje. Chap.

"Swadiki! Nani huyo alikuwa anaongea ndani?" Ilikuwa sauti ya Gustave, msimamizi wa chumba cha baridi cha mradi.

"Mama wa deki, bosi. Nimeona kiatu yake. Tumutoe?"

Gustave akacheka.

"Yule wa alama tisa kati ya thelathini kwenye jaribio la kumbukumbu? Acha. Hewa ya barafu ile haina mchezo. Tukifika Koboko, kabla ya mpaka, atakuwa amelala. Na asipolala, atamwambia nani? Atasahau hata jina yake."

Injini iliwaka.

Shamim alitazama simu. Mtandao hakuna. Ukuta ulikuwa bati mbili na povu katikati. Alipiga mlango kwa bega mara tatu. Akaacha. Kupiga kelele kunamaliza hewa.

Alipanda juu ya maboksi na kulala chali, pua karibu na dari. Miezi mitatu ya kupiga deki chumba cha baridi ilikuwa imemfundisha jambo moja kuhusu moshi ule: hukaa chini. Lakini hujaa. Kama maji kwenye karai, huanzia chini na kupanda.

Angeweza kufanya nini? Barafu ndiyo iliyokuwa inamuua. Barafu hiyohiyo ndiyo iliyokuwa inailinda damu.

Kichwa kilianza kugonga.

Alijipima. Alitumia maneno matano ya jaribio la kumbukumbu, yale Gustave aliyowasomea wafanyakazi wote siku ya kwanza. Kuku. Daraja. Chumvi. Mwavuli. Shangazi.

Yote matano. Sawa.

Gari lilipanda tuta. La kwanza. Kijiji cha Ombaci. Njia ya Koboko alikuwa ameipita mara nyingi, na kila tuta alilijua kwa mgongo. Alianza kuhesabu.

La nne. La tano. Kona ndefu ya kulia.

Kuku. Daraja. Chumvi.

Shangazi.

Kulikuwa na lingine hapo katikati. Lilikuwa nini?

Alivuta pumzi, na pumzi haikushiba. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Usingizi ulimjia taratibu, mtamu, kama wa mchana wa mvua. Alijiuma mdomo mpaka akasikia chumvi ya damu.

Fikiri, Shamim.

Lori hili alilijua. Lilikuja mradini kila Jumamosi, na Swadiki humwambia alioshe. Aliliosha. Maji machafu yalikuwa yanatokea wapi?

Matundu.

Mawili. Moja kona ya mbele, moja kona ya nyuma. Swadiki huyaziba kwa matambara.

Maji hutoka kwa tundu la chini. Basi na moshi unaoshuka utatoka hapohapo.

Alijaza hewa ya juu kifuani, akafumba macho, akateremka kama anayepiga mbizi. Alipapasa. Boksi. Boksi. Ukuta. Kona. Tambara lilikuwa limeganda. Alilivuta kwa meno.

Lilitoka.

Alirudi juu akitweta. Akavuta tena, akateremka tena, kona ya pili. Mwanga ukaingia, mdogo kama shilingi. Upepo wa barabara ulipiga mluzi kwenye tundu la mbele, na moshi wa sakafuni ukaanza kuteremka ukitokea nyuma.

Alilala juu ya maboksi akihema. Dakika tano. Kumi.

Mwavuli!

Lilikuwa mwavuli.

Kichwa kilikuwa chake tena. Lakini mlango ulikuwa bado umefungwa, na ukishapita Koboko mjini, mpaka ulikuwa karibu sana. Alikuwa na ndoo ya maji ya Omo, bado vuguvugu, na glovu nene za buluu zilizokuwa zinaning'inia ukutani. Bastola yake, Makarov, aliiacha Ediofe chini ya magunia ya mkaa. Mfagiaji hapigi deki na bastola.

Basi ndoo.

Angemwaga mapema, moshi ungepotelea porini. Angechelewa, wangekuwa wamevuka. Aliendelea kuhesabu. La ishirini na moja. La ishirini na mbili. Kisha matuta matatu mafupi, yamefuatana, na honi za bodaboda kila upande.

Koboko.

Alivaa glovu, akasukuma vipande vya barafu ya sakafuni kwenye tundu la nyuma, maboksi hakuyagusa, akavuta pumzi ndefu na kumwaga ndoo nzima.

Barafu ilichemka. Povu na moshi mzito vilifoka kwenye tundu, vikafunika magurudumu, vikatapakaa barabarani.

Nje, mtu alipiga kelele.

"Moto! We dereva, gari yako naungua!"

"Simama! Iko moshi chini!"

Bodaboda mbili zilikata mbele ya lori. Breki. Lori lilisimama katikati ya soko, na watu wakalizunguka na mchanga na madebe ya maji.

"Hakuna moto!" Gustave alikuwa ameshuka. "Ni barafu tu, ndugu zangu. Mimi ni mutu ya samaki. Tupisheni."

"Samaki?"

Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee. Shamim aliitambua kutoka kwenye ziara za mradi: bibi Hajara, wa ile mitaa ya Wanubi nyuma ya soko.

"Samaki gani, wewe? Wewe iko mutu ya damu! Mwaka jana, Ramadhani ilikuwa bado siku tatu, ulinitoboa mkono hii ya kushoto. Shati yako ilikuwa ya njano, kifungo moja hakuna. Ukanipa kalamu, mimi sijawahi kushika kalamu, ukaniambia kichwa yangu imekwisha."

Watu walicheka.

"Bibi huyu ni mgonjwa," Gustave alisema. "Alipata alama sita. Hakumbuki kitu."

"Kifungo ya pili kutoka juu," alisema Hajara.

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Shamim alipiga mlango kwa ngumi zote mbili.

"Haboba! Bibi! Niko ndani! Mtu yuko ndani!"

Kicheko kikakatika.

"Mutu iko ndani! Fungua!"

Gustave hakuwa na pa kwenda. Alifungua kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa ndani ya koti. Jua liliingia, na Shamim akaona chuma cheusi kikitoka.

Hakusubiri. Alimgandamizia kipande cha barafu kavu kwenye kifundo cha mkono, akakishikilia kwa glovu mbili.

Barafu ile inaunguza.

Gustave alipiga yowe. Bastola ikaanguka kwenye povu. Shamim aliikanyaga. Swadiki alijaribu kukimbia, akafika kwa mama muuza mihogo, na hapo safari yake ikaishia.

Land Cruiser zilifika saa nzima baada ya Shamim kumpigia Mlima tena. Adriko alichomeka kipimajoto kwenye boksi moja, akasoma, akashusha pumzi.

"Hasi sabini na moja. Hakuna mrija ulioyeyuka." Alimpiga Shamim begani. "Na ile alama tisa! Makao makuu wanaisimulia mpaka leo. Nawaambia, hakuna anayejua kujifanya mjinga kama Fagio wetu."

Maneno hayo alikuwa ameyasikia mara nyingi. Kila mara aliinamisha kichwa na kutabasamu kidogo, yapite.

Leo aliokota ndoo yake tupu. Alivuka barabara hadi upande wa pili, alipokuwa amesimama bibi Hajara, akampa mkono. Kisha akageuka.

"Afande."

"Naam?"

"Sikujifanya."

Adriko alishusha kipimajoto.

"Gustave alisema tuandike maneno matano. Nilikuwa nayo yote mdomoni. Mkono wangu ndio haukujua kuyaandika. Niliacha shule darasa la nne. Zile alama tisa ni zangu."

Akaondoka na bibi, polepole, bila kutazama nyuma.