Maneno ya Mama Adèle

Kila asubuhi ndege ndogo ilipopita juu ya Vulamba kwenda kutua Rughenda, Rébecca, mama wa mapacha, alisimama na ufagio mkononi na kusema, "Sadrack, ile njo ndege yako." Kisha alimgeukia Kitsa, pacha wa Sadrack, akampa jembe.

Siku walipozaliwa, mkunga Mama Adèle alisema Sadrack atapanda ndege. Kuhusu Kitsa hakuna aliyekumbuka neno. Basi Sadrack akawa mtu wa daftari, Kitsa mtu wa shamba, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Sasa zilibaki wiki tatu wafanye mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Jumamosi mjomba Ézéchias angempeleka Kitsa Mabalako, kwenye shamba lake la kakao, na mtihani ungempita. Kitsa alikubali, lakini tangu siku hiyo hakujielewa. Kama Mungu alishapanga, mbona moyo ulimuuma? Na kama hakupanga, nani alipanga?

Ijumaa alipitia kwa Mama Adèle, akamkuta uani akichambua sombe, majani ya muhogo.

"Mama, siku tulizaliwa, juu yangu ulisemaka nini?"

"Utapanda ndege."

"Hapana, hiyo ni ya Sadrack."

"Ni yenu wote mbili. Lakini wewe ulikuja nyuma, mama yenu alikuwa amesinzia." Mama Adèle akacheka. "Batoto bote banazaliwa huku, nabaambiaka vile. Hata Edmond, mwenye anachoma nyama pale barabarani."

Kitsa aliona hasira, kisha aibu, kisha akachanganyikiwa zaidi.

"Kumbe ulikuwa unatania tu? Mbona Sadrack ni wa kwanza darasani?"

"Alisikia, akafungua daftari. Wewe ukapewa jembe, ukashika. Jembe hapana mubaya, linatukulisha. Lakini nani alikukataza kusoma?"

"Hakuna mutu."

"Unataka nini, wewe?"

"Kufanya mtihani."

"Twende, utamuambia mujomba wako wewe mwenyewe. Mimi nimeshasema mambo mingi."

Nyumbani, mbele ya Mama Adèle, Kitsa alimweleza mjomba kwamba maneno ya ndege yalikuwa ya wote wawili, na kwamba anataka kufanya mtihani. Mjomba Ézéchias alimtazama Rébecca, naye Rébecca akainamisha uso kwa haya.

"Sawa," alisema mjomba. "Kakao itakungojea."

Sadrack alisogea kwenye benchi, akamwachia pacha wake nafasi mbele ya daftari.

"Mama Adèle, na kama nitaanguka mtihani?" aliuliza Kitsa.

"Hiyo sijue. Kuzaliwa, nilikusaidia mimi. Kusoma, ni wewe."