Skrubu Nne Dirishani

Sanduku la maoni liliibwa Jumatatu asubuhi, katika ofisi moja ya komini, yaani serikali ya mtaa, hapa Lubumbashi. Lilikuwa la bati, la buluu, lenye kufuli na maandishi meupe: RAIA, TUNAKUSIKILIZA. Ukutani palibaki umbo lake, safi kuliko ukuta mwingine wote.

Inspekta Jeannot Mwape alilitazama lile umbo. Miaka ishirini na miwili ya upolisi ilikuwa imemmaliza. Siku hizi hakusikia kitu chochote moyoni, na hilo nalo halikumsumbua.

"Lirudi kabla ya Ijumaa," alisema mkuu wa komini. "Wageni wa mradi wa uwazi wanashuka uwanja wa ndege wa Luano. Watataka kuliona."

"Ndani mulikuwa nini?"

"Barua za bantu, za raia."

"Ufunguo iko na nani?"

Mkuu alimtazama katibu wake. Katibu alitazama viatu.

"Mara ya mwisho lilifunguliwa lini?"

"Inspekta, wewe tafuta mwizi."

Sanduku la kusikiliza watu, na ufunguo hakuna anayejua ulipo. Haya basi.

Mwape alichunguza eneo la tukio. Mlango haukuvunjwa. Alama za vidole zilikuwa nyingi mno, za ofisi nzima. Lakini skrubu nne zilikuwa zimepangwa dirishani, na chini ya matundu yake ukutani hapakuwa na vumbi hata chembe. Sasa mwizi gani anaiba kisha anafagia?

Aliuliza ni nani anayesafisha.

Msafishaji, Mama Honorine, aliishi mtaa wa Katuba, na Mwape alimkuta nyumbani. Hakukimbia. Sanduku lilikuwa mezani kwake, kufuli limekatwa kwa msumeno, bahasha zimepangwa kando. Zote zilikuwa bado zimefungwa.

"Ni weye ulibeba hii?"

"Ni mimi, Papa. Niko na ufunguo wa mulango. Ninasafisha asubuhi, mbele bantu bafike."

"Ulifungua barua za bantu?"

"Hapana. Si zangu. Nilitafuta yangu tu."

"Juu ya nini?"

Honorine alikaa. Alisema taratibu, kama mtu anayetaja vitu vya kununua sokoni.

"Waya ya umeme ilikuwa inaning'inia mu njia yetu. Nikaenda kusema. Katibu akaniambia: andika, weka mu sanduku. Nikaandika. Miezi tatu ikapita, waya ikaangukia mutoto wangu, Chancelvie. Alikuwa na miaka tisa. Kila siku ninapanguza ile sanduku. Ninajiuliza, balisoma, bakanyamaza? Ao habakusoma? Nilitaka kujua, basi."

Alimpa bahasha yake. Ilikuwa chini kabisa ya nyingine zote, imeshika kutu pembeni. Gundi haikuguswa.

Mwape alitoa karatasi za maelezo ya mtuhumiwa. Aliandika jina, saa, kosa, na sababu. Honorine alitia sahihi.

"Na hii karatasi, Papa, nani atasoma?"

Alizijua kabati za kituoni na faili zilizolala humo. Alichukia kwamba moyo umeamua kusikia leo, baada ya miaka yote hiyo.

Bahasha ilikuwa kielelezo cha kesi. Hakupaswa kuifungua. Aliichana.

"Nisome?"

"Soma. Nisikie."

"Bwana Mkuu. Waya iko chini sana. Batoto banapita pale kwenda masomo. Tafazali mukuje muone. Merci."

Honorine alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua ufagio, akafagia kipande cha bahasha kilichoanguka sakafuni, akasema yuko tayari kwenda.