Redio Chini ya Bati

Jumamosi asubuhi, mwezi wa nane mwaka 1994, redio ya Malale wa kijiji cha Kakese iliwaka taa yake nyekundu, ikakoroma, haikusema neno.

Ng'washi, mke wa Malale, alikuwa amepiga magoti mbele yake. Aliusogeza mshale wa stesheni taratibu, kwenda na kurudi. Mkoromo tu.

Binti yao Mariana alikuwa anasoma sekondari Tabora. Hawakuwa wamemwona tangu Januari. Mwalimu mmoja aliyetoka huko alikuwa ameleta habari: kwaya ya shule imerekodiwa, itasikika redioni Jumapili asubuhi, na Mariana ndiye anayeanzisha wimbo. Jumapili yenyewe ni kesho.

Malale aliingia na betri mkononi. "Zibadilishe na hizi. Nimezianika juani tangu juzi."

"Umezianika mpaka zimepauka, baba Mariana. Jana tulitia mpya, ikakoroma vilevile."

"Basi imeharibika ndani. Naifungua mwenyewe." Akachukua kisu.

"Hodi humu!"

Alikuwa jirani yao Yustina, muuguzi wa zahanati. Kazini huongea na hospitali ya Mpanda mjini kwa redio ya upepo. Alikuja kuchukua maziwa, akakuta kisu kimefika kwenye skrubu.

"Shemeji, unamchinja nani?"

"Redio. Imekuwa bubu."

"Weka kisu kwanza. Tuipime. Taa inawaka?"

"Inawaka," alijibu Ng'washi.

"Na inakoroma. Basi betri zina nguvu, na spika ni nzima. Kinachokosekana ni mawimbi. Hayo ndiyo yanayobeba sauti angani kutoka kituoni. Hayaonekani, lakini redio huyapokea." Akaangalia swichi ya kuchagua bendi za mawimbi. "Mmeigusa hii?"

"Hapana. Iko palepale pa siku zote."

"Vizuri. Ilisema mara ya mwisho lini?"

Ng'washi alifikiri. "Kule kwenye nyumba ya nyasi. Tulipohamia hii ya bati..." Akamtazama mumewe. "Humu haijasema hata siku moja."

"Na tumeipa mahali pa heshima!" alisema Malale.

Ni kweli. Redio ilikaa kwenye kona ya ndani kabisa, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Antena ilikuwa imekunjwa na kufungwa kwa mpira, watoto wasije wakaivunja.

Yustina alicheka mpaka akashika ukuta. "Nyie Wasukuma! Ng'ombe akiumwa mnamtoa nje mumtazame vizuri. Redio ikiumwa mnaivisha nguo!"

Hata Malale alicheka.

"Bati ni chuma," Yustina alieleza. "Huzuia mawimbi mengi. Nyasi huyaacha yapite. Na antena ndiyo inayoyapokea, nanyi mmeifunga. Sasa tubadilishe kitu kimoja kimoja, ili tujue tatizo ni lipi."

Aliinyoosha antena. Sauti ya mtu ilisikika kwa mbali, ikazama. Akasogeza redio dirishani. Sauti ikapanda kidogo. Wakaitoa uani. Mtu alisoma bei ya mahindi kama yuko zizini kwao.

"Nami nilitaka kuipasua!" Malale alisema.

"Ungemuua mgonjwa mzima, shemeji."

"Lakini uani kuna vumbi na ndama," alisema Ng'washi. "Haiwezi kulala hapa."

"Basi tuipe waya."

Yustina alimwonyesha Malale namna ya kufanya. Walichukua waya wenye ganda la plastiki. Ncha moja waliimenya, wakaizungushia antena. Waya ukapita dirishani hadi kwenye nguzo ndefu ya mti iliyochimbiwa uani, mbali na bati.

"Waya usiguse bati," Yustina alisema. "Na mawingu ya mvua yakianza kukusanyika, uchomoe, uutoe nje. Usingoje ngurumo. Radi hupita kwenye waya ikaingia ndani."

Jumapili asubuhi redio ilikaa dirishani bila kitambaa. Mtangazaji alitaja jina la shule. Msichana mmoja akaanza kuimba peke yake, kisha wenzake wakampokea.

"Ni yeye?" Malale aliuliza.

Ng'washi aliinua mkono anyamaze. Hakuushusha mpaka wimbo ulipokwisha.

"Ni yeye," alisema. "Ana mafua."