Njumu ya Kushoto

Jua lilikuwa linazama Kiembe Samaki, na Silima yumo njiani na kijembe mkononi, anakwenda kufukua kiatu.

Njumu ya kushoto. Mguu uliompa jina Unguja nzima kabla jeshi halijampeleka vitani Kongo. Siku anaondoka, bibi yake, Bi Mwanakheir, Mtumbatu asiyetaka ubishi, aliizika njumu hiyo chini ya nguzo ya goli.

"Kiatu kikibaki, mwenyewe hapotei. Lakini ukirudi, usiguse mpira mpaka ukifukue. Kilichokushikia nafasi lazima ukiage."

Akarudi salama. Jana kocha Mcha akamrushia mpira mazoezini, naye akaupiga. Kwa raha! Miaka miwili hajacheza, jamani, nani angekumbuka? Sikio la kufa halisikii dawa. Leo mguu ule umepoa, ukiufinya hausikii. Na kesho kuna mechi. Asipocheza, nafasi ya winga anapewa mwengine.

Kiwanjani, Bi Nassra muuza mihogo alikuwa anafunika karai lake.

"Shikamoo, Bi Nassra."

"Marahaba. Wewe huchoki? Kila magharibi upo hapa na mpira wako."

"Mimi nimerudi juzi tu."

"Hebu nenda zako na masihara yako! Miaka miwili nakuona. Nikikusalimu huitikii, nikasema huyu kafanya kiburi."

Akajitwika karai, akaenda zake.

Silima akapiga magoti penye nguzo, akachimba. Udongo ulikuwa laini. Ulinuka ubani... na jasho.

Shimo tupu.

Pu.

Nyuma yake, mpira uligonga ukuta.

Pu... pu...

Hakutaka kugeuka. Akageuka. Mtu kifua wazi, njumu mguu mmoja, anapiga kwa kushoto, bega kaliinamisha kama anavyoliinamisha Silima mwenyewe.

"Nipe changu," Silima alinong'ona.

"Nshangoja sana." Sauti ilikuwa yake mwenyewe. "Umecheza bila ya kuniaga. Sasa ngoja wewe."

Silima akataka kukimbia. Mguu wa kushoto ulikuwa shimoni mpaka gotini, na hakujua umeingia saa ngapi.

Ng'ambo ya ua, Bi Mwanakheir akaita: "Silimaaa!"

Akafungua mdomo.

Udongo.

"Naam, bibi!" yule mwengine akaitika. "Nnakuja!"

Nyayo zikaondoka, moja ya njumu, moja ya mguu mtupu. Mlango ukafunguliwa.

"Umekipata?"

"Nimekipata, bibi."

Kesho yake uwanja ulijaa. Toka chini ya udongo, Silima alisikia watu wanaimba jina lake, mara mbili wakapiga kelele za goli. Mechi ikaisha, watu wakatawanyika. Kisha zikaja ndara, polepole, zikasimama penye nguzo.

"Silima?" Bi Mwanakheir aliinama, akaita kwa sauti ndogo. Alikuwa analia. "Mjukuu wangu, uko humu?"

Silima akakusanya nguvu zake zote aitike.

Lakini aliyeitika alikuwa amesimama nyuma ya bibi, anahema.

"Naam, bibi. Mimi hapa."