Thelathini na Sita Nukta Tano

Kila asubuhi, kabla Mama hajafungua studio, mimi ndiye niliyefagia, nikajaza maji kwenye ndoo yenye koki na kupangusa kigoda cha wateja kwa dawa. Kigoda hicho kilikuwa mbele ya pazia jeupe. Kila aliyetaka picha ya pasipoti alikikalia, akanyoosha shingo na kukaza uso kana kwamba amefika mahakamani. Mama alikuwa mpiga picha. Alimwambia kila mteja, "Usicheke, lakini usikasirike pia," na watu wakabaki hawajui wafanye nini na midomo yao.

Kabla ya hapo, kwa miezi minne, kigoda kile hakikukaliwa na mtu. Ugonjwa wa korona ulipoingia, serikali ilifunga shule na maduka mengi, na studio yetu nayo ikafungwa. Mama akauza lenzi yake kubwa, akauza taa moja, kisha akaanza kunyamaza. Huko kunyamaza ndiko kulikonitisha zaidi, maana mama yangu akiwa mzima huongea hata na sufuria.

Halafu ikatangazwa kwamba maduka madogo yangefunguliwa hatua kwa hatua na wenye biashara ndogo wangesaidiwa. Mama alijaza fomu, akapanga foleni siku mbili, akarudi na barua. Kodi ya studio ingelipwa na serikali kwa miezi mitatu. Alipewa pia sabuni, ndoo, na kipimajoto kile cha kumwelekezea mtu kwenye paji la uso. Masharti tuliyabandika mlangoni. Kila mteja apimwe joto na kuandikwa daftarini. Atakayezidi thelathini na saba nukta tano asiingie, aelekezwe hospitali. Biashara itakayokiuka itafungwa na msaada wake kusitishwa.

Studio yetu ilihitaji kipimo hicho kuliko duka lolote la mtaani. Dukani mtu hununua sukari akiwa amevaa barakoa. Kwetu ilibidi aivue, maana hakuna ofisi inayopokea picha ya macho peke yake. Na wateja walikuwa wengi, kwa sababu kila aliyeomba msaada wa biashara alitakiwa kubandika picha mbili kwenye fomu.

"Wewe utakaa mlangoni," Mama aliniambia, kwa kuwa shule zilikuwa bado zimefungwa. "Pima, andika, ruhusu. Hicho kitu si cha kuchezea. Kikiharibika tu, tumefunga tena. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

Nilisikia, ila mikono yangu haikusikia. Wateja walipopungua, nilipima ukuta. Nilipima birika la chai, kigoda, na nyayo zangu mwenyewe. Paka wa jirani alikuwa na thelathini na nane na ushei, nikamshauri aende hospitali. Watu wakaanza kuniita Daktari, na mimi kichwa kikavimba. Nilikuwa na miaka kumi na miwili tu, na watu wazima walisimama mbele yangu wakisubiri niwaruhusu.

Jumatatu mchana kioo cha kipimajoto kikazimika. Nilibonyeza kitufe mara moja, mara mbili, mara ishirini. Kimya. Kilichonijia akilini ni yale maneno ya Mama: kikiharibika tu, tumefunga tena. Nikaiona studio imefungwa, na Mama amekaa jikoni haongei na mtu wala na sufuria.

Mteja akaingia. Nilimwelekezea kipimajoto kile kilichozimika, kioo kikiwa upande wangu, nikabonyeza, nikasema, "Thelathini na sita nukta tano. Karibu." Nikaandika daftarini. Hakuna aliyeshtuka. Mteja aliyefuata nikampa nukta nne, mwingine nukta sita, isije ikaonekana nabuni. Nilijiambia ni kwa siku ile tu, na kwamba kesho ningejua la kufanya.

Kesho yake, Jumanne, alikuja fundi wa baiskeli wa mtaa wetu. Tulimwita Fundi Breki, ingawa ulimi wake haukuwa na breki hata moja. Siku hiyo alitembea polepole. Macho yake yalikuwa mekundu, na paji la uso lilikuwa limelowa jasho.

"Haya, Daktari, nipime vizuri," alisema. "Leo sijielewielewi. Sijui ni jua, sijui ni kitu gani."

Alisema hivyo kwa mzaha, lakini alinitazama machoni akisubiri. Nilibonyeza. Kioo hakikuwaka.

"Thelathini na sita nukta tano."

"Kweli?"

"Kweli, Fundi."

Akashusha pumzi. "Basi ni jua tu. Ahsante, Daktari wangu, umenituliza roho."

Akaingia, akavua barakoa, akaketi kwenye benchi akisubiri zamu. Kando yake alikuwa Mama Mdogo, mdogo wake Mama, aliyekuja kupigwa picha kwa ajili ya fomu ya kibanda chake cha kushonea nguo. Alikuwa na ujauzito wa miezi sita. Naye alikuwa amekwishavua barakoa ili ajipake poda. Fundi Breki akaanza visa vyake, na Mama Mdogo akacheka mpaka akashika tumbo. Mimi nilikuwa mlangoni nikiwasikia wakicheka.

Siku zikapita. Niliendelea kubuni namba, kwa sababu kila siku niliyonyamaza ilizidi kuufanya ukweli uwe mgumu kusema. Usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Nilikula kwa kujilazimisha. Mama aliponiuliza kulikoni, nilisema naumwa jino, na hapo nikawa nimeongeza uongo mwingine juu ya ule wa kwanza.

Jumatatu iliyofuata, asubuhi, afisa wa afya alikuja studio. Alikuwa mama mmoja mrefu, mwenye barakoa mbili na kalamu nyuma ya sikio. Mama Mdogo pia alikuwapo, amefuata picha zake, na begi la safari lilikuwa miguuni pake.

"Fundi wa baiskeli amelazwa alfajiri ya leo," afisa alisema. "Ni korona. Anapumua kwa mashine ya oksijeni na hawezi kuongea. Mkewe amekuta risiti ya hapa mfukoni mwake. Naomba daftari lenu."

Nilimpa daftari. Afisa akafungua ukurasa wa Jumanne, akashuka kwa kalamu mpaka jina la Fundi.

"Thelathini na sita nukta tano," alisoma. "Sawa. Mkewe anasema alianza kulalamika homa Jumamosi. Sisi huwafuata waliokaa naye kuanzia siku mbili kabla ya homa, yaani tangu Alhamisi. Jumanne, kwa daftari hili, alikuwa mzima. Basi waliokuwa hapa siku hiyo sina haja ya kuwazuia." Akanigeukia. "Nani anaandika? Wewe? Hongera, binti. Maduka mengine hata daftari hawana."

Mama akaniwekea mkono begani. Ulikuwa mkono wa mtu anayejivunia mwanawe, nikatamani ardhi ipasuke.

"Afadhali," Mama Mdogo alisema akiokota begi lake. "Nilishaanza kuogopa, maana nilikaa naye palepale. Dada, naenda kwa Mama. Basi linaondoka saa nne, nitamwambia unamsalimu."

Mama aliyemsema ni bibi yangu. Bibi alikuwa na pumu. Miezi yote ile hatukuwa tumemtembelea, kwa kuogopa kumpelekea ugonjwa, na kila jioni Mama alimpigia simu kumsisitiza asitoke nje. Sasa Mama Mdogo alikuwa anakwenda kukaa naye mwezi mzima, chumba kimoja, wakishona nguo za mtoto.

Alifika mlangoni. Nilijua kwamba nikisema, studio imefungwa na msaada umekwenda, na kosa ni langu. Nisiposema, Bibi anaweza kufa. Mama Mdogo akashika kitasa.

"Usiende!" nililia. "Mama Mdogo, usiende kwa Bibi! Ile namba si ya kweli!"

Wote watatu wakanigeukia. Nikaeleza. Nilisema kuhusu paka na birika, kuhusu kioo kilichozimika, kuhusu wiki nzima ya namba za kubuni, na jinsi Fundi Breki alivyotoka jasho na kuniuliza kama ni kweli.

Mama hakunipiga wala hakunikemea. Alikwenda kwenye meza yake, akavuta droo ya vifaa vya taa, akatoa betri mbili ndogo, akazitia kwenye kipimajoto. Kikalia, kioo kikawaka. Ndani ya droo kulikuwa na pakiti nzima ya betri kama zile.

"Wiki nzima," Mama alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Na mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwako."

Nilianza kulia kwa sauti, na afisa akaniacha nilie kidogo. Kisha akachomoa kalamu sikioni.

"Sasa nisikilize," alisema. "Futa machozi unisaidie. Nani walikuwa humu Jumanne, na nani alikaa karibu na nani? Majina yenyewe ni ya kweli?"

"Majina ni ya kweli," nilisema. "Namba tu ndizo nilizobuni."

Tukapitia daftari jina kwa jina. Mchana huohuo studio ikafungwa. Mama, Mama Mdogo na mimi tukapimwa, tukaambiwa kila mmoja abaki ndani. Majibu yalichukua siku mbili, na sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa siku hizo. Simu ilipolia, Mama aliitazama kwanza kabla ya kuigusa.

Mimi na Mama tulikuwa salama. Mama Mdogo alikuwa na ugonjwa. Hakuwa akikohoa, hakuwa na homa, alijisikia mzima kabisa, na angefika kwa Bibi na begi lake akitabasamu. Homa ilimpanda siku ya tatu. Alikaa hospitali siku tisa, na kila asubuhi nilimuuliza Mama kama mtoto tumboni bado anacheza. Mama alijibu kwamba anacheza, mpaka siku ya sita, alipojibu kwamba madaktari wanaangalia. Siku hiyo nilikaa chini ya meza ya jikoni, mkubwa mzima, na Mama akaja akakaa sakafuni pembeni yangu.

"Kosa lako unalijua," aliniambia. "Na mimi nina langu. Nilikupa kazi ya mtu mzima, halafu nikakutisha kiasi kwamba ukaniogopa mimi kuliko ugonjwa. Siku nyingine kitu kikiharibika, njoo uniambie. Nitafoka. Mimi ni mtu wa kufoka. Lakini nikimaliza kufoka tutatengeneza."

Mtoto alirudi kucheza kesho yake. Mama Mdogo akatoka hospitali, amekonda lakini anatembea.

Barua ya ofisi ya biashara ililetwa siku kumi na nane baada ya studio kufungwa. Mama aliifungua akiwa amesimama, akaisoma mara mbili, kisha akakaa. Tulipewa onyo. Msaada haukusitishwa, kwa kuwa afisa wa afya alikuwa ameandika kwamba sisi wenyewe ndio tuliotoa taarifa, na kwamba kwa taarifa hiyo watu wanne wenye maambukizi walipatikana mapema. Tungefungua tena, kwa sharti kwamba kipimajoto kishikwe na mtu mzima. Mama akaanza kuongea, akaongea mfululizo mpaka chai ikapoa.

Kabla ya kufungua, Mama alinipeleka kwa Fundi Breki. Alikuwa amesharudi nyumbani, ameketi nje ya karakana yake juu ya tairi, blanketi mabegani ijapokuwa jua lilikuwa kali. Tulisimama mbali kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, nikamwomba radhi nikiwa natazama vidole vyangu vya miguu.

"Nitazame," alisema. Alisema maneno machache, akapumzika, akasema tena. "Siku ile nilikuwa najijua. Mifupa iliniuma tangu alfajiri. Nikajiambia, kipimo kikisema ni homa, naenda hospitali. Kikisema siyo, narudi kazini. Nikakutwisha mtoto jambo langu. Hilo ni kosa langu."

Akavuta pumzi. Kifua chake kilikoroma.

"Lakini ungeniambia tu, 'Fundi, sijui, kimezimika,' ningekwenda hospitali siku hiyohiyo kwa miguu yangu. Nilikwenda nimebebwa. Mtu akikwambia hajui, unakwenda kuuliza pengine. Akikubunia jibu, unalala. Kusema sijui ni kazi ngumu, naifahamu, mimi mwenyewe ni fundi. Ijifunze hiyo kazi. Utaihitaji popote utakapokuwa."

"Nitajifunza, Fundi."

Alitazama baiskeli iliyoegemea ukutani, vumbi limelishika tandiko.

"Haya, niambie. Unadhani nitaweza kuiendesha tena?"

Nilitaka sana kusema ndiyo. Ndiyo ilikuwa imekwishafika mdomoni, tamu na nyepesi, na macho yake yalikuwa yakiingojea kama siku ile mlangoni.

"Sijui, Fundi," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kisha akamgeukia Mama, akamuuliza kliniki ya mapafu hufunguliwa saa ngapi.