Kitanda Kidogo cha Karavani

Kisa hiki nimeshakisimulia mara mbili, na mara zote mbili nilisema kilimpata jirani yangu wa hapa mtaani Kanyosha. Hakuna jirani. Ni mimi, Nella, na mkono wangu wa kushoto.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida, jua kali, upepo wa hapa na pale. Kaka yangu Byamungu ni zamu, analinda nyumba ya bwana mmoja wa Kinindo anayeitwa Maxime. Huyo Maxime ana karavani, kijumba cheupe chenye magurudumu kinachovutwa na gari, amekiegesha ukingoni mwa hifadhi ya Rusizi. Watu wa mjini hukikodi mwisho wa wiki, wakachome nyama nje, wasikilize viboko wakikoroma, kisha Jumapili warudi Buja, yaani Bujumbura, kujisifu kwamba wamelala porini. Wiki ile wageni walighairi. Maxime akampa kaka ufunguo, akamwambia akapumzike na watu wake. Tukaenda watatu: kaka, mkewe Esperance, na mimi.

Kuna jambo ambalo wao wawili hawakulijua, na bora nilitaje sasa hivi. Mwezi wa pili, tulipokimbia vita kutoka Uvira, upande wa Congo, kaka alikuwa tayari Bujumbura. Mimi na Esperance tulifika mto huohuo wa Rusizi na mtoto wao Irène, miaka sita, aliyezoea kuniita Tanti, yaani shangazi. Esperance alikuwa na homa kali, wakampakia kwenye mtumbwi uliobakiza nafasi moja. Kabla hajapanda alichana kitenge chake cha njano, akaufunga mkono wa Irène na mkono wangu wa kushoto pamoja, fundo juu ya fundo, ili tusipoteane. Mtumbwi wetu ulipinduka karibu na matete. Mtoto alizama, akanivuta. Nililifungua lile fundo kwa meno.

Ng'ambo, Esperance aliponiuliza mtoto yuko wapi, nilimwambia nimempandisha mtumbwi mwingine, umeshukia mbali. Nilitaka homa ishuke kwanza. Ulikuwa uongo wa siku moja tu, na sasa ulikuwa na miezi sita.

Sikulia. Mkono wa kushoto uliingia ganzi tangu siku ile, kuanzia vidole hadi kiwiko. Daktari aliuchoma sindano akaniuliza nasikia nini, nikamwambia sisikii kitu. Majirani hunitania kwamba mimi ndiye mpika mandazi asiyehitaji kijiko. Nacheka nao. Moyo wangu nao ulikuwa vivyo hivyo, ungeuchoma nisingeshtuka.

Lakini Esperance alikuwa akiisha. Mtoto asiyefanyiwa kilio ni mtoto aliye safarini, basi kila jioni alimtandikia mkeka na kumpakulia chakula. Kila asubuhi alikwenda kuwauliza wageni wapya waliovuka. Pete ilikuwa ikimvuka kidoleni kwa kukonda. Mtu mmoja tu duniani angeweza kumsimamisha, na mtu huyo alikuwa amenyamaza.

Ndani ya karavani mlikuwa na kitanda kikubwa, na kingine kidogo cha kukunjua kutoka ukutani. Kabla hata hatujashusha masufuria, Esperance alikikunjua kile kidogo, akakitandika shuka safi, akailainisha kwa kiganja.

"Mama Irène," kaka alisema polepole, "hapa tuko batatu tu."

"Akifika atalala wapi? Nella alimutia mu mutumbwi yeye mwenyewe. Si ndiyo, Nella?"

"Ndiyo," nikasema. Sauti haikunitetemeka hata kidogo.

Tulikula ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, chini ya mti. Sahani zilikuwa nne. Upepo ukigeuka tulisikia muziki wa mjini, watu wa Buja wakianza Jumamosi yao ufukweni, kisha ukigeuka tena ni matete tu. Baada ya chakula kaka alijilaza kwenye mkeka, Esperance akaenda bombani kuosha vyombo. Mimi niliingia karavani kupumzisha mgongo. Saa nane mchana. Mwanga ulikuwa tele, hata nzi nilimwona kwenye dari.

Nililala. Sijui muda gani.

Kilichoniamsha ni matone. Tap. Tap. Kama nguo iliyoanikwa bila kukamuliwa.

Nikadhani ni bomba la beseni. Nikalitazama. Lilikuwa kavu.

Matone yalitoka kwenye kitanda kidogo. Shuka ilikuwa imelowa katikati, pamebonyea, urefu wa mtoto aliyejikunja. Maji yalishuka pembeni hadi sakafuni. Yalinuka matope na matete.

Sikupiga kelele. Niliunyosha mkono wa kushoto, ule uliokufa, kwa sababu nilijua hautasikia kitu. Nikaugusa ule ubonyefu.

Ulikuwa baridi.

Niliisikia ile baridi. Miezi sita sikuwa nimesikia kitu kwa mkono ule, si moto, si sindano. Halafu nikasikia vidole. Vidogo. Vitano. Vikanishika kifundo cha mkono, palepale palipokuwa pamefungwa.

"Tanti," sauti ikanong'ona, karibu kabisa na sikio langu. "Unifunge tena."

Vidole vikaachia. Mlangoni palikuwa na mtu. Alikuwa Esperance, sahani zinamdondoka maji mikononi. Aliitazama shuka, akanitazama mimi.

"Nani amelala hapa?"

Nikamwambia. Sikupamba, sikujitetea. Nilimwambia hapakuwa na mtumbwi mwingine. Nilimwambia mtoto alikuwa ananivuta chini, na mimi nikalifungua fundo.

Nilingoja anipige. Nilitamani anipige. Aliweka sahani juu ya meza, moja juu ya nyingine, mpaka ya nne.

"Fundo ilikuwa nguvu?" akauliza.

"Ilikuwa nguvu. Nilitumia meno."

Akatikisa kichwa taratibu. "Niliikaza sana," akasema.

Kisha akaivua ile shuka, akaikunja ikiwa imelowa vilevile, akaikumbatia na kwenda kumwamsha mumewe. Kaka aliposikia, alivaa viatu, akavivua, akavivaa tena. Siku hiyohiyo, jua halijazama, tulirudi Kanyosha.

Kilio kilikaa siku tatu. Hatukuwa na mwili, tukaweka juu ya kiti sare yake ya shule na viatu vyake, vilivyovuka ndani ya begi la mama yake, vile viatu nilivyomfundishia kufunga kamba. Alikuwa bado hajaweza vizuri: kitanzi kimoja kilitoka kikubwa, kingine kidogo sana, na hakukubali urekebishe. Wanawake walijaa mikekani. Zubeda, jirani yetu Mwislamu, alileta chai asubuhi na jioni. Esperance alilia hadi sauti ikamkauka, na siku ya tatu akala. Mimi nilikaa kwenye kona. Mkono ulikuwa umeamka wote na uliniuma usiku na mchana, ila machozi hayakuja.

Asubuhi ya nne, watu wakikunja mikeka, niliamka na kusikia kitu chenye unyevu mkononi. Kilikuwa kipande cha kitenge cha njano. Kimezunguka kifundo cha mkono wangu wa kushoto, kimefungwa kwa vitanzi viwili, kimoja kikubwa, kingine kidogo sana.

Esperance alikuwa ameinama kunipa kikombe cha chai. Alikiona. Aliweka kikombe chini, akaingia chumbani, akarudi na kitenge chake kilichochanika. Akauweka ule mchaniko kando ya kipande kile. Uzi kwa uzi, vililingana.

Nikalishika fundo kwa mkono wa kulia, nivute. Wifi yangu akanikamata vidole.

"Apana," akanong'ona. "Mara hii usifungue."

Hapo ndipo nilipolia.

Mvua za mwaka huu zimekuja zimekwenda, kiangazi nacho kimetupiga. Bado ninacho mkononi, nakificha chini ya mkono wa blauzi. Sijakifungua. Na hakijakauka.