Baiskeli ya Yokana Kiwuwa

Siku Akeyo alipomwona Kidega kwa mara ya kwanza, Bwaise ilikuwa imejaa maji mpaka kwenye vizingiti vya maduka. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, mitaro ikafurika, na Barabara ya Bombo ikawa vurugu tupu: bodaboda zimezima, wachuuzi wamejitwika nyanya zao, madereva wanapiga honi utadhani honi hukausha maji. Katikati ya balaa hilo akatokea mwanamume mrefu, suruali ya ulinzi imekunjwa hadi magotini, viatu vinaning'inia shingoni, na begani amebeba baiskeli kubwa nyeusi ya kizamani.

Akeyo alikuwa amesimama juu ya kreti la soda kwenye kibanda chake, ovaroli ya buluu mwilini na kitambaa chekundu kichwani. Alicheka bila kujizuia.

"Wee! Baiskeli ndiyo inafaa ikubebe wewe!"

"Leo nimepatia yeye likizo, nnyabo. Spoki tatu imekatika. Fundi iko wapi?"

"Fundi ni mimi. Weka hapo, na uache kuangalia nyuma yangu kama kuna mwanamume amejificha."

Kidega aliona haya, akaweka. Mchezo ukaanzia hapo.

Akeyo alikuwa Mjaluo wa Siaya, na huo ulikuwa mwaka wake wa sita Kampala. Kidega, Mwacholi, alikulia kwenye kambi ya polisi ya Ntinda, na sasa alilinda lango la duka kubwa huko huko Ntinda. Walizungumza Kiswahili kwa sababu ndicho walichokutana nacho, Kidega cha kambini, Akeyo cha kwao Kenya. Kila jioni simu iliita.

"Umekula, nyako?"

"Nyako ni kwa wasichana. Mimi nina miaka thelathini na mmoja."

"Kwangu iko nyako tu. Umekula?"

Jumapili baada ya ibada walipanda baiskeli, kila mmoja yake, wakatoka mjini. Hawakuwa watu wa mashindano. Walikwenda polepole hadi Gayaza, hadi Mpigi, hadi kando ya ziwa, wakipita mashamba ya ndizi bila kusemeshana kwa saa nzima, na Akeyo aliupenda ukimya ule kuliko maneno matamu ya wanaume wote waliowahi kumtongoza. Alimpenda Kidega, hakuna cha kuficha.

Ila kulikuwa na mambo mawili. Kila alipotaja kwenda kaskazini, Luwero, kwenye mananasi na barabara tambarare, Kidega aligeuza mazungumzo. Na kila alipogusia ndoa, vivyo hivyo.

"Kwetu wananiuliza wewe ni nani wangu," alimwambia siku moja.

"Sema mimi ni mteja."

Alisema kwa utani, lakini macho hayakucheka, na Akeyo aliumia.

Jumamosi moja Kidega alimwachia baiskeli abadilishe mnyororo. Chini ya kiti, kwenye bomba la fremu, palizungushiwa tepu nyeusi iliyoanza kubanduka. Akeyo akaona amfanyie mpenzi wake jambo zuri, aitoe, aweke mpya. Alipoibandua, akakuta jina limetobolewa kwa msumari, nukta baada ya nukta: Y. KIWUWA KIKYUSA.

Damu ilimwenda mbio. Mwaka uliotangulia polisi walikuta baiskeli ya wizi kibandani kwake, ya mteja asiyemjua, naye akalala mahabusu siku mbili. Alichukua simu.

"Kidega, Kiwuwa ni nani?"

"Nani alikuambia toa tepu?"

"Nijibu. Uliiba?"

"Mimi hapana iba kitu ya mtu."

"Basi ulinunua kwa nani?"

Akeyo alingoja neno moja tu, na halikuja.

"Njoo uchukue chuma chako. Halafu namba yangu uifute."

Kidega alikuja, akaichukua, akaondoka bila kujitetea. Hilo ndilo lililomkata maini Akeyo. Wiki tatu akakaza spana na kukaza roho, simu ya Kidega ikiita asiipokee, mpaka Docus, mama muuza chai wa kibanda cha jirani, alipochoka naye.

"Mwizi angekwangua hilo jina," Docus alisema, akimsukumia kikombe. "Huyu amelifunika. Tena miaka hii yote. Mpigie, banange, kabla hujaunguza mioyo miwili."

Akampigia. Baada ya saa moja Kidega alikuwa ameketi juu ya kreti la soda, mikono katikati ya magoti, amekonda.

"Baba yangu, Oola, kabla ya polisi alikuwa jeshi," alianza. "Mwaka themanini na tatu alikuwa Luwero. Unajua nini ilitendeka Luwero."

Akeyo alijua. Kila aliyekaa Kampala alijua jinsi jeshi lilivyoua raia kule wakati wa vita.

"Baiskeli alinipatia mimi nikiwa kijana. Nilifurahi sana. Halafu akiwa kitandani, anakufa, ndiyo alisema: hii nilichukua kwa mtu njiani. Nilimpiga risasi mimi mwenyewe, si mwingine. Akanionyesha jina, akaniambia alimuacha wapi. Kwetu, kitu ya mtu aliyeuawa haikai kwa nyumba. Inakuja na cen. Nitaleta mke namna gani kwa nyumba kama hiyo?"

"Sisi tunaita chien," Akeyo alisema taratibu. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Kwao pia mzimu wa aliyedhulumiwa haukuchezewa. "Na bado unaipanda?"

"Kila siku nasema leo nitapanda mpaka kwao. Nafika Kawempe, narudi. Naogopa, nyako. Wakiuliza mimi ni mtoto wa nani, nitasema nini?"

Akeyo aliona aibu kwa lile neno la wizi, akamshika mkono mbele ya Bwaise nzima.

"Jumapili tunaenda," alisema.

Walianza safari kabla ya jua. Walipita Matugga, wakapita Bombo na kambi yake ya jeshi, na Wobulenzi wakaiacha lami. Udongo mwekundu ulikuwa bado na unyevu wa usiku, kahawa imechanua pande zote mbili, na harufu yake ilikuwa tamu mno. Walipita nyumba isiyo na paa, matundu ya risasi ukutani, na mtini umeota sebuleni. Mbele kidogo palikuwa na kaburi la pamoja lililopakwa chokaa. Kidega alishuka, akaikokota baiskeli mpaka kaburi likapotea nyuma yao. Akeyo alimfuata kwa miguu, akiangalia shati lake jeupe lilivyoloa mgongoni, na kwa mara ya kwanza ukimya wao ulimtisha.

Walikuwa wamekubaliana: watazungumza Kiluganda tu, ambacho Kidega alikijua vizuri, watasema wameinunua sokoni, wakaona jina, wakaona wairudishe kwa wenyewe. Uongo mdogo, walijiambia, usioumiza mtu.

Walipofika Kikyusa, mji ule ulioandikwa kwenye fremu, walielekezwa kwa bibi mmoja, Teresa, mjane wa Yokana Kiwuwa. Walimkuta uani, gomesi yake ya zambarau imefungwa mshipi vizuri, akianika kahawa kwenye mkeka. Akeyo alipiga magoti kumsalimu, akimwita jjajja, bibi. Kidega alisalimu kwa Kiluganda safi. Bibi alikuwa ameshaiona baiskeli. Alisogea, akapitisha vidole chini ya kiti, nukta kwa nukta.

"Alitoboa hapa hapa uani," alisema kwa Kiluganda, "kwa msumari wa bati. Mmeitoa wapi?"

"Tuliinunua sokoni, jjajja..." Kidega alianza, na katika kuuachia usukani baiskeli ikayumba. Akeyo aliona inamwangukia bibi. Ulimi haukungoja mipango.

"Kidega, ishike! Ishike haraka!"

Kwa Kiswahili. Teresa akainua mikono yote miwili juu ya kichwa.

Kuku alikatiza mkeka wa kahawa bila kufukuzwa. Bibi alitazama mikono yake mwenyewe huko juu, kama aliyeshangaa imefikaje, akaishusha polepole. Alipofungua kinywa, alizungumza lugha ile ile.

"Hii lugha nilijifunza hapa kwa askari, nimelala chini. Toka. Lala. Leta. Wewe si mtu wa sokoni. Wewe mtoto wa nani?"

Akeyo alitamani ardhi immeze. Lakini Kidega alipiga magoti, mwanamume mzima, suruali yake ya ibada kwenye vumbi.

"Mimi mtoto wa Oola. Baba alikuwa jeshi. Yeye ndiye aliua mzee Yokana. Amekufa, amesema kwa mdomo wake. Mimi nimeleta baiskeli, jjajja, na sina neno ingine."

Akeyo alingoja mayowe, majirani, mapanga. Alishasogea akasimama karibu na bega la Kidega, kwamba likija liwakute wote wawili.

"Wapi?" Teresa aliuliza.

"Jjajja?"

"Alimuacha wapi? Kwa lile kaburi la wote naweka maua kila mwaka, na sijui kama yumo. Miaka arobaini. Wapi?"

"Hayumo. Baba alisema bondeni, chini ya kiwanda cha pamba cha zamani, kwa chemchemi. Alifunika yeye na udongo ya kichuguu, akaweka mawe tatu."

Teresa aliketi kwenye mkeka, juu ya kahawa yake.

"Hapo ndipo nachota maji," alisema. "Kila siku nachota maji hapo."

Akalia, na Akeyo akaenda kuketi naye, akamkumbatia, akalia pia. Kidega alibaki magotini mpaka bibi alipojifuta uso kwa ncha ya mshipi.

"Usiniulize kama nimesamehe. Hiyo sijui. Jumamosi wanangu watakuja, tutamtoa, tutamzika hapa nyumbani. Wewe utashika jembe."

"Nitashika."

"Wana hasira, wanangu. Usije peke yako." Akamgeukia Akeyo. "Wewe ni mke wake?"

"Bado, jjajja."

"Jumamosi uje naye."

Waliiacha baiskeli imeegemea ukuta wa jiko. Akeyo aliikokota ya kwake, Kidega akitembea kando, na walikuwa wamefika kwenye lami ndipo Kidega aliposimama. Macho yalikuwa mekundu, lakini mabega yalikuwa yameshuka, na Akeyo hakuwahi kumwona hivyo.

"Akeyo. Sasa naweza uliza. Utakubali mimi?"

Akeyo alimtazama. Alikuwa na jibu tangu Bwaise, lilikuwa kooni, lingetoka lenyewe. Akalizuia.

"Jumamosi tunamzika Yokana," alisema. "Niulize Jumapili."

"Jumapili saa ngapi?"

"Piga saa yoyote, nitapokea."

Kidega aliinamisha kichwa, akaushika usukani upande wa pili, wakaelekea kwenye stendi ya magari ya Kampala.